Duka la mlangoni

Nimerudi Wete, Pemba, baada ya miaka kumi na saba ya Muscat, na nimeangukia msimu wa karafuu. Boti ilitushusha Mkoani, nikachukua gari mpaka Chake, pale nikapanda daladala ya 606. Njia nzima majamvi yameanikwa kando ya lami. Dereva alikuwa akiyakwepa kama anavyomkwepa mtoto.

Kule Muscat, kila Ijumaa tukishakula, tulikuwa tunabishana siasa za kwetu utadhani kura tunapiga sisi. Mimi nilikuwa na hoja yangu moja: kiongozi hupendwa kwa ulimi. Nikimtolea mfano Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani Zanzibar, kwamba akishika maikrofoni watu wanasahau njaa. Hakuna aliyenipinga, maana wote tuliokuwa pale tulimjua kwa kanda na simu tu.

Usiku wa pili nikakaa na nyumba nzima barazani kwa ami, tunachambua. Unashika kikonyo, unakisukumia kwenye kiganja, karafuu zinadondoka, konyo unalitupa pembeni. Mimi konyo moja, wenzangu matano. Shangazi akanitazama mikono: "Vidole vya Uarabuni hivyo."

Ami ndiye aliyeanza. Akasema walipata kutembelewa usiku kama ule na mgombea uwakilishi. Akaletewa kiti, akakaa, akahutubia watu wanane kama yuko uwanjani, akaondoka. Baada ya siku mbili akaja mpinzani wake. Huyu hakungoja kiti, alikaa jamvini na kuanza kuchambua huku anauliza bei ya wachumaji mwaka ule. Mikono yake ilikuwa inajua. "Basi tukampa," alisema ami.

"Mbona humalizii?" shangazi akadakia. "Mwaka wa tatu simu yake ilikuwa ikipokewa na nani?"

Ami akachambua kimya. Na mimi nilikuwa nishaanza kuitunga hoja mpya ya mikono, ikanifia pale pale.

Kwa mtu asiyejua, lazima niseme kidogo tulikotoka. Uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa 1995 ulitangazwa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Seif wa CUF, chama chetu, 49.8. Baada ya hapo Pemba watu waligomeana: harusi, maziko, mpaka gari za abiria. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nikitumwa mafuta ya taa, ninalipita duka la mlangoni petu, liko wazi, mwenyewe ananitazama, naenda duka la mbali la mtu wa chama chetu. Kibuyu cha mafuta kizito, na mvua ikinyesha ndiyo hivyo tena.

Halafu Novemba 2009 (mimi nishaondoka) Maalim akakutana na Rais Amani Karume wa CCM, akatoka kuwaambia wafuasi wake kwamba anamtambua kuwa Rais. Walimzomea. Watu wake mwenyewe! Ami hakuwapo mkutanoni, lakini anasema siku ile aliikunja fulana ya chama akaitia chini ya godoro.

"Sasa ami, kura ya maoni ulipiga nini?"

"Ndiyo."

Tarehe 31 Julai 2010 walisema ndiyo asilimia 66.4, na ndipo ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nikamuuliza kilichomgeuza. Alifikiri kidogo. Akasema Maalim angeweza kuwaambia wanachotaka kusikia na wakampigia makofi, lakini yeye aliwaambia wasichokitaka, na akabaki pale pale wakimzomea. Tena alikuwa mtu aliyekwishakuwa Waziri Kiongozi, akaondolewa, akawekwa ndani 1989 mpaka 1991, kwa hiyo maneno yake yalikwishamgharimu. "Sikumuamini kwa sababu alinifurahisha. Siku ile alinikera sana."

Akanitajia na Othman Masoud, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, namna alivyopiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu kwenye Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma 2014, kazi ikamtoka. Kwa ami hiyo ni hesabu nyepesi: muulize mtu neno lake limewahi kumpotezea nini.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa kimya upande wa pili wa jamvi akacheka. "Na wa kwetu je? Unadhani Karume hakuwa na watu wa kumwambia hapana?" Ami akakubali. Mimi nilikuwa namtazama yule mzee muda wote bila ya kumkumbuka, mvi zimemjaa. Alichambua haraka kuliko sisi sote.

Mimi bado sijaridhika kabisa. Maalim aligombea urais mara sita na hakutangazwa mshindi hata mara moja, na wapo waliozaliwa, wakaoa, wakimsubiri mpaka akafariki 2021. Imani ya namna hiyo nyingine ni ya kurithi, kama mikarafuu ya babu; hukuipanda, unaichuma tu. Nilimwambia ami hivyo. Alisema nimekaa sana nje.

Asubuhi shangazi akanituma sukari kilo moja. Nikatoka, miguu ikakata kushoto yenyewe, njia ya duka la mbali. Nimeshapiga hatua kumi hivi nikasikia naitwa nyuma.

"We! Unakwenda wapi? Sukari ipo hapa."

Ni yule mzee wa jana, kasimama mlangoni kwa duka lake, mikono bado myeusi kwa karafuu.