Shubiri ya shangazi na makopo yangu ya dirishani

Mi nina vidonda vya utumbo mkubwa, ile wanaita alsaretivu kolaitisi, niligundulika 2019 baada ya karibu mwaka mzima wa kutibiwa amiba, flajili nimemeza mpaka mdomo ukawa na ladha ya sarafu, kumbe amiba hamna, walivyoniingiza kamera ndo wakakuta utumbo umevimba mwekundu unachuruzika damu. Nikaanzishiwa salfasalazini na predinisoloni nikapata nafuu, halafu nikaja kuharibu mwenyewe.

Si unajua ukishaambiwa huu ugonjwa hauponi ila unatulizwa tu, unaanza kumsikiliza kila mtu. Shangazi yangu wa Muheza akanitumia unga wa mlonge na chupa ya shubiri aliyoichemsha kwa mkono wake, jirani akaleta habati soda, dada mmoja anayeuza virutubisho akanipiga juisi ya aloe vera ya elfu themanini, eti "mdogo wangu hii inasafisha utumbo wote". Makopo nikayapanga dirishani kama nimefungua duka. Vidonge vya hospitali nikawa naruka, leo nameza kesho simezi, najiambia nataka kutumia vitu vya asili.

Wiki ya pili ya shubiri niko kwenye daladala natoka Mbagala naenda Kariakoo kwenye cherehani yangu, foleni imesimama pale Mtoni Mtongani, tumbo likakata mara moja tu nikajua hapa sifiki. Nikashuka mbio kutafuta choo cha kulipia, mama wa mlangoni anataka mia tatu mi nina noti ya elfu kumi, nikamwachia yote sikungoja chenji. Ijumaa yake nilienda choo mara kumi na nne na damu ikarudi kama mwanzo, ikabidi mume wangu anibebe kwenye bajaji mpaka hospitali.

Daktari wa safari hii, binti mdogo tu, akamwambia mume wangu arudi nyumbani akalete kila kitu ninachokunywa. Akavimwaga mezani akawa anashika kimoja kimoja. Shubiri akaiweka pembeni, akanieleza kwamba ule utomvu wa njano unaokaa chini ya ganda la aloe, ambayo ndo shubiri yenyewe, ni dawa ya kuharisha, kazi yake ni kama ya sena, sasa mtu utumbo wake una vidonda unampa dawa ya kuharisha ya nini? Na hiyo juisi ya elfu themanini hata haijaandikwa kama utomvu umetolewa au la. Manjano kwenye mchuzi akasema endelea, yale ya vidonge ambayo watu wanachanganya na pilipili manga yafyonzwe zaidi akaniambia nisiguse bila kumuuliza, yamefanyiwa utafiti kwa wagonjwa wa kolaitisi wakiwa wanaendelea na dawa zao, sio badala ya dawa, na kuna watu yamewaumiza maini.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba vitamini nilikuwa nazihitaji kweli, ila sio nilizokuwa nanunua. Wakanipima damu, hb, yaani wingi wa damu, 7.9, chuma hamna, vitamini D ipo chini. Na mi navaa baibui, natoka alfajiri, kutwa nipo ndani nashona, jua nalionea wapi. Predinisoloni nayo inakula mifupa kwa hiyo nikapewa kalsiamu na vitamini D pamoja. Salfasalazini inazuia foliki asidi, vitamini ya kutengeneza damu, isifyonzwe vizuri, kumbe kale kakidonge ka njano ka foliki asidi nilikokuwa nakadharau mwanzoni nakaacha kwenye pakti ndo kalikuwa na kazi.

Vidonge vya chuma viliwahi kunishinda, nilinunua fefo kama za wajawazito, tumbo likasokota na choo kikawa cheusi kama lami, nikalia nikidhani ni damu kumbe ni chuma chenyewe kinatoka. Safari hii wakanitundikia chuma cha dripu mara mbili, baada ya miezi miwili hb ikafika 11.2 nikaweza kupanda ngazi za pale kazini bila kushika ukuta.

Vitamini B12 nayo nilikuwa nainunua kwa kumwiga kaka mmoja tuliyekutana kliniki. Yeye ana Kroni, ugonjwa mwingine wa kuvimba utumbo, amekatwa kipande cha mwisho cha utumbo mdogo, na hapo ndipo B12 inapofyonzwa, ndo maana anachomwa sindano kila miezi mitatu maisha yake yote. Wangu utumbo mdogo mzima, hela yangu ilikuwa inaishia chooni tu.

Sa hivi nina daftari, nikitaka kuongeza kitu naandika kwanza jina na nani kaniambia, naenda nalo kliniki, yaani mengi yanakatwa hapo hapo. Mlonge nimeubakisha, kijiko kimoja kwenye mchicha, nauhesabu ni mboga. Ugonjwa ukiamka huo mlonge nauacha kabisa mpaka tumbo litulie.

Juzi shangazi kapiga simu, nikamwamkia, akauliza, "mwanangu, shubiri ilikusaidia?" Nikamwambia imesaidia sana shangazi, maana ile iliyobaki aliichukua mdogo wangu akajipaka, mtoto kaacha ziwa siku ya pili tu.