Mji Usio na Pindo

Kauli ya Shangazi bado inanichoma, ingawa aliitamka huku akimenya ndizi na bila shaka ameshaisahau. Wiki hii mkataba wa kitabu changu cha pili cha picha umesainiwa na kaka amehamia Dodoma, lakini kichwani mwangu yamebaki maneno yake tu. Nilikuwa nimemwekea mezani ukurasa wa twiga, ule niliouhangaikia tangu mwezi wa Ramadhani. Akauinua, akaushika kwa pembe mbili kama anavyomwonyesha mteja kanga dukani, akasema, "Mwanangu, mji huu hauna pindo." Kwa watu wa kanga, mji ni sehemu ya katikati, na pindo ni ukingo unaoizunguka.

"Shangazi, hiki ni kitabu, si kanga."

"Macho ni yaleyale," akajibu, akaendelea na ndizi zake.

Macho ni yaleyale! Tangu hapo namjibu nikiwa bafuni, nikiwa ndani ya daladala, hata katikati ya sala, Mungu anisamehe. Namweleza kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba, hakuhitaji pindo: alitandaza rangi moja nyuma, akaiacha ikauke, kisha akamweka mnyama aliyejikunja kulifuata umbo la kibao, mkia na pembe zikikaribia ukingo. Namtajia pia msanii George Lilanga wa Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii ya Dar es Salaam, ambaye mashetani aliyoyachora, yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, hubanana hadi nafasi iliyobaki kati yao nayo inakuwa umbo. Kwao nilijifunza kuacha vivuli kabisa, na kukata maumbo kwa mkasi kabla ya kugusa brashi, kwa kuwa umbo lisilosimama likiwa karatasi tupu haliwezi kuokolewa na rangi. Hoja zangu ni nzito, lakini Shangazi wa kichwani hurudia jibu lake lile na kumenya ndizi nyingine.

Jana usiku nilitandaza mezani kisutu chake, kanga yake ya harusi, ili nipate ushahidi dhidi yake, na hapo ndipo hasira ilipoanza kuyeyuka. Rangi ni tatu tu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, lakini jicho halichoki, kwa sababu nyeusi inapokaa kando ya nyekundu, nyekundu huwaka, na nyeupe huziachia zote mbili nafasi ya kupumua. Kumbe zile rangi tatu ninazozitumia kwenye kila ukurasa zilianzia dukani kwake, nilipokuwa nikilala juu ya marobota ya doti za kanga nikiwa mtoto. Nikakata pindo jembamba la zambarau, nikamzungushia twiga, kisha nikaziacha pembe zake zilivuke kwa juu. Akarefuka papo hapo, maana sasa ana kitu cha kukivuka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Pindo ni la Shangazi, kulivunja ni kwangu, na ukurasa sitampelekea hadi nipate jibu la sentensi moja, fupi kuliko yake.

Ila usiku huu mvua imeanza tena, mdogo wangu yuko Mbagala na bodaboda isiyo na taa ya nyuma, na simu yake haipatikani.