Kaniki ya Bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Uzee ulimkutia Soni, milimani Usambara, kwa mama mdogo, na huko alikuwa na malalamiko mawili yasiyoisha: baridi na kaniki. Baridi tulimwashia jiko. Kaniki ilikuwa na maneno zaidi. Za siku hizi, alisema, ni nguo nyeusi tu, ukizifua mara tatu zinapauka. Kaniki za usichana wake zilitiwa nili, bluu iliyokolea mpaka wa mbali akadhani nyeusi, na mwanamke aliyelima nayo juani alirudi nyumbani na mapaja ya bluu. Mapaja hayo aliyasimulia kwa fahari, mbele ya wageni, bila kujali nani kashika kikombe cha chai.

Mama mdogo alikuwa amestaafu ualimu wa kemia, na kustaafu hakukumtoa darasani.

"Mama, nguo inayochuja haikushika rangi. Hiyo ni kasoro, si sifa."

"Kasoro! Wewe kaniki umeivaa lini?"

Ubishi huo niliukuta, na nadhani ulikuwa na umri kunizidi. Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, yaani sina shughuli yoyote ambayo mtu mzima angeiheshimu. Ndiyo maana siku mama mdogo alipoamua kumtilia mama yake nguo nili kwa mikono yake mwenyewe, ndoo nilikabidhiwa mimi.

Mnili hatukuupanda. Uliota wenyewe kando ya njia ya kuteremkia mtoni: kichaka kilichonipita urefu, vijani vidogo vya umbo la yai vimepangana viwili viwili, na maganda mafupi yameinamia chini, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na maharage. Mbuzi na watoto wanaupita kila siku wala hakuna anayeuangalia. Mama mdogo alinionyesha tawi lililovunjika, majani yake yamenyauka. Badala ya kuwa ya kahawia, yalikuwa yameingia bluu chafu kwenye kingo. Huyu huyu, akaniambia, Waholanzi waliwahi kumpeleka mpaka Java kwa sababu anatoa nili nyingi kuliko yule wa India, wakamwita wa Natal. Na sisi tunamfungia mbuzi.

Tuliyakata matawi asubuhi, umande haujakauka, tukayapukuchua majani na kuyashindilia kwenye ndoo ya lita 20. Nikataka kuchukua sufuria kubwa la alumini, la shughuli, akanizuia. Mbele kuna chokaa, na chokaa inaila alumini. Basi ndoo za plastiki, maji ya uvuguvugu, jiwe juu ili majani yasielee, na kifuniko.

Ndani ya jani bichi hamna bluu. Kuna kitu kisicho na rangi, indikani, na majani yakianza kuchacha indikani inavunjika, inazaa kitu kingine ambacho kikikutana na hewa ndipo kinageuka nili. Haya nayajua kwa sababu niliambiwa nikiwa nimeinama juu ya ndoo, na mtu hasahau somo alilofundishwa akiwa ameziba pua. Maana harufu! Siku ya kwanza ilikuwa ya mboga iliyolala. Ya pili, zizi. Maji yalikuwa yamegeuka kijani cha ajabu, kama yana mwanga ndani, na juu yameota utando wa rangi ya shaba. Ndiyo dalili iliyokuwa ikisubiriwa.

Jirani alikuja jioni hiyo, akasimama nje ya ua.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama."

"Samahani kuuliza. Paka wetu hajaonekana tangu juzi."

Mama mdogo akafunua ndoo. Jirani akachungulia, akarudi nyuma, akashukuru Mungu, akaondoka na khanga puani.

Tukaopoa majani, tukachuja maji kwa kitambaa, tukatia chokaa iliyozimuliwa. Bibi alikuwa amekaa barazani na sahani yake ya tambuu. Aliposikia inatakiwa chokaa akainua kikopo chake: "Chukueni hii, ya kwenu si ni ya ukuta?" Alikuwa na haki ya kudhihaki, chokaa ni ile ile, lakini kikopo kile kisingetosha hata kikombe.

Kilichofuata ndicho kilichonivunja mabega. Maji inabidi yapigwe hewa, na kwa kuwa hatukuwa na chombo, hewa ilikuwa mimi: ndoo hii naimimina katika ile, ile katika hii, kutoka juu, tena na tena. Povu lilitoka kijani, likawa zumaridi, likawa bluu tupu, likapanda hadi kumwagikia miguuni. Halafu, pale nilipotaka kuacha, likaanza kulegea na kushuka. Tukaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi tukamwaga maji ya juu, ya kahawia kama chai, chini tukakuta tope.

Tope kidogo. Nasisitiza hilo, kwa sababu watu husimulia rangi za majani kana kwamba ni vitu vya bure. Ndoo zilizojaa majani mpaka mdomoni, na kilichobaki ni vijiko vichache vya uji mzito wa bluu. Mama mdogo alivitazama akaanza hadithi ya Wajerumani wa kampuni ya kemikali ya BASF, walioanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897 na kuyaua mashamba ya Bihari kule India, na jinsi Gandhi alivyokwenda Champaran mwaka 1917 kwa ajili ya wakulima waliolazimishwa kulima nili. Bibi akauliza kama huyo Gandhi ndiye mwenye duka lililokuwa Pangani.

Tope lenyewe halitii nguo rangi. Nili haiyeyuki katika maji. Ukichovya nguo humo unaipaka matope. Lazima kwanza inyang'anywe oksijeni, na akina mama wa batiki wanaifanya kazi hiyo kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, haraka na bila kubembeleza. Mama mdogo alikuwa ameshawahi kukaa na kikundi cha batiki na macho yake hayakuipenda ile haidrosalfaiti. Akatumia ndizi. Ndizi mbivu zilizokwisha kupasuka ngozi, ambazo Soni hukosi, tukazichemsha, tukachuja, ule mchuzi wa sukari ukaenda kwenye ndoo pamoja na tope, chokaa na maji ya moto. Sukari ya matunda ikiwa ndani ya chokaa hufanya kazi ile ile ya dawa ya dukani, ila inataka joto na subira. Kwa baridi ya milimani na mvua ya masika ilibidi ndoo ifunikwe blanketi. Lilikuwa blanketi la Bibi, jambo ambalo hakuambiwa mpaka baadaye.

Nguo ilikuwa merikani, imechemshwa na sabuni mpaka kanji yote ikatoka. Nilipofunua ndoo sikuona bluu popote isipokuwa povu lililokusanyika katikati. Chini ya povu maji yalikuwa ya manjano yanayoelekea kijani. Mama mdogo akavaa glavu, akaizamisha merikani ikiwa mbichi, taratibu, akiifinyanga chini ya maji bila kuruhusu mapovu. Akaitoa. Ilikuwa rangi ya embe changa. Akaikunjua hewani, mimi nimeshika pembe mbili, yeye mbili, na pale pale tulipoishika ikaanza kubadilika: kijani kikakimbilia kwenye mikunjo, bluu ikaingia kutoka kingoni, na kabla sijapata la kusema nguo yote ilikuwa imegeuka. Watoto wa jirani waliokuwa uani walipiga kelele. Mimi pia, nadhani, ingawa nilikuwa na miaka ya kujizuia.

Tukachovya tena, tukapumzisha, tukachovya tena. Kila mara ikakolea kidogo, hadi ndoo ikachoka na mchovyo wa mwisho haukuongeza kitu. Tukasuuza kwa maji ya ukwaju ili kuua chokaa, halafu kwa sabuni, halafu kwa maji matupu mpaka yakatoka meupe. Mama mdogo alisimamia usuuzaji huo kama mtihani wa taifa. Hakuna tone la rangi lililoruhusiwa kubaki ambalo halikushika uzi.

Ilipokauka akampelekea mama yake, imekunjwa vizuri.

Bibi hakuitazama sana. Akaisogeza puani kwanza. Akalamba kidole gumba, akakisugua kwenye nguo kwa nguvu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kidole kilikuwa safi.

"Haina nili hii," akasema.

"Mama! Nimeitia kwa mikono yangu. Haichuji kwa sababu imeshika."

"Imeshika kidogo ndiyo maana haina cha kuacha. Aliyeshiba ndiye anayebakiza." Akaifungua, akaipima kwa mikono, akaishikilia dhidi ya khanga yake. "Na hii ni bluu ya sketi za shule. Kaniki ni ya usiku."

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Nili inayochuja ni ile iliyokaa juu juu ya uzi, hilo kemia inasema. Lakini ili nguo iwe karibu na nyeusi inachovywa mara nyingi mno, na nguo iliyolundikiwa rangi kiasi hicho haikosi kumpaka aliyeivaa. Mapaja ya bluu yalikuwa risiti ya nili nyingi. Mama mdogo aliijua hoja hiyo vizuri, ndiyo maana alinyamaza na kuondoka kwenda jikoni kusonga ugali ambao haukuwa na haraka.

Bibi akajifunga ile nguo juu ya khanga, akajitazama miguuni, akaniita.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Kile kichaka mmekimaliza chote?"

Nikamwambia yapo matawi ya upande wa mtoni hatukuyagusa.

"Basi kesho mapema. Na mwambie mwalimu wako safari hii asisuuze."