Pindo la Suruali

Septemba 2012 nilitumwa Tanga kumtazama kijana wa kidato cha pili ambaye, kwa maelezo niliyopewa kwa simu, alikuwa na urefu wa mita 1.95 na alikuwa amekwisha kudanki, yaani kuruka na kuupachika mpira ndani ya ringi kwa mkono, mbele ya shule nzima. Wakati huo nilikuwa kocha wa mpira wa kikapu katika shule moja ya binafsi ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikitoa nafasi chache za kusoma bila ada kwa wenye vipaji, na uamuzi wa nani apewe nafasi ulianzia kwenye daftari langu. Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2009, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa amechaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza. Tangu hapo kila kijana aliyelazimika kuinama ili apite mlangoni alikuwa na mtu wa kumpigia kocha simu kwa niaba yake.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ngamiani, hapohapo Tanga, kwa hiyo safari ile niliipokea kwa furaha. Nilifika Ijumaa jioni, nikalala kwa shangazi, na Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa uwanjani, kabla ya wachezaji. Ulikuwa uwanja wa saruji usio mbali na bahari, na upepo wa kusi ulikuwa umetandaza mchanga mwembamba kwenye pembe zake zote. Nilitoa futi yangu ya chuma nikapima ringi. Kwa sheria inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka sakafuni. Ya upande wa baharini ilikuwa mita 2.94, kwa sababu sakafu ilikuwa imeongezwa tabaka jipya la saruji bila nguzo kuinuliwa. Niliandika tarakimu hizo mbili juu ya ukurasa, kwa kuwa danki niliyosimuliwa ilikuwa imepigwa kwenye ringi ile, na sentimita 11 ni nyingi sana kwa mchezaji anayeruka.

Wenzake walimwita Kipa, nami nitamwita hivyo. Hadi mwaka uliotangulia alikuwa mlinda mlango wa timu ya soka ya mtaani kwao Sahare, na mpira wa kikapu alikuwa ameucheza miezi minane tu. Alinisalimia kwa shikamoo ya sauti ndogo, akaangalia chini, akaenda kufunga kamba za raba zilizokuwa zimembana vidole.

Walicheza watano kwa watano na wanafunzi wa kidato cha nne. Makosa yake yalijaa ukurasa mzima ndani ya robo saa. Akishika ribaundi, mpira uliokosa ringi ukarudi, aliuteremsha hadi kiunoni, na kila kifupi aliyekuwa karibu akaja kumpokonya. Mkono wa kushoto haukuwa na kazi yoyote isipokuwa kusindikiza. Akipewa pasi karibu na ubao alipiga hatua tatu bila kudunda mpira, na mwalimu aliyekuwa akichezesha alipuliza filimbi mpaka akachoka. Mtu aliyekuja kutafuta mchezaji aliyekamilika angefunga daftari hapo na kwenda kunywa chai.

Lakini mikono ilikuwa ya kipa kweli. Alidaka kwa vidole, mpira haukugusa kiganja wala kifua, na hakuna pasi iliyomponyoka asubuhi nzima, hata zile mbovu zilizomjia magotini. Kudaka namna ile ni jambo ambalo nimejaribu kuwafundisha vijana warefu kwa miaka na wengi wao hawakulipata, kwa sababu mtoto anayerefuka haraka huwa kama mgeni katika mikono yake mwenyewe. Kisha likaja jambo lililonifanya nisogee hadi kwenye mstari. Alikuwepo mchezaji mmoja mfupi, mjanja, aliyekuwa na hila ya kuinua mpira kama anayetupa, akamsubiri mlinzi aruke, ndipo apite chini ya kwapa lake. Mara ya kwanza Kipa aliruka, akapitwa. Mara ya pili aliruka kidogo, akapitwa tena. Mara ya tatu aliacha visigino sakafuni, akainua mkono mmoja, akatulia, na yule mfupi alipolazimika kutupa kweli, Kipa akaunyanyua tu ule mkono akaugusa mpira kwa ncha za vidole. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Niliandika: "Hadanganywi mara tatu," nikalipigia mstari.

Baada ya mchezo nilimwomba atupe mitupo huru 20. Aliingiza mitano. Kwa mtu anayehesabu tu, hiyo ni alama mbaya, ila mimi katika mitupo huwa natazama zaidi ile inayokosa. Mpira ukikosa kushoto na kulia, mkono na kiwiko vimepinda, na kuvinyoosha ni kazi ya miaka. Mipira ya Kipa ilikosa kwa kupiga ukingo wa mbele wa ringi, mmoja baada ya mwingine, katika mstari ulionyooka. Mkono ulikuwa sahihi, nguvu ndiyo iliyokuwa haifiki, na nguvu ya mtupo hutoka miguuni. Nikatazama miguu. Alikuwa akitupa huku amesimama wima kama mlingoti.

Nikamwambia, "Mwanangu, kunja magoti, kisha panda na mpira."

Alitii. Mpira ulipita katikati ya ringi bila kuigusa. Wenzake wakashangilia, lakini mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na niliona alivyouma mdomo wa chini wakati anakunja. Nilimwomba arudie, akarudia, ukaingia tena, na safari hii alipomaliza aliupeleka uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Nilimketisha kwenye benchi, nikampandisha suruali. Chini ya pia ya goti la kulia, pale kano inaposhikana na mfupa wa muundi, palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya ukwaju. Nilipogusa kwa kidole gumba alivuta mguu.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mwalimu. Lakini haliumi sana." Kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Hali ile nilikuwa nimeiona kwa vijana wengine. Mtoto anaporefuka kwa kasi, mfupa hutangulia, misuli na kano hubaki nyuma, na ile kano ya goti huvuta mahali ilipojishikiza, ambapo mfupa bado haujakomaa. Kila kuruka kunapachokoza. Aghalabu huisha pasipo upasuaji pale kukua kunapopungua, mradi kijana apunguziwe kuruka na kukimbia hadi maumivu yatulie. Nilichohitaji kujua ni kama kijana huyu alikuwa mwishoni mwa kurefuka au katikati yake, na hilo halikuwa jambo la kulisoma uwanjani.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani chini ya dirisha. Alinikaribisha kwa kahawa na kashata, akaniuliza ukoo wangu hadi tukafika kwa mtu tunayemjua sote, kisha akasema, "Kumbe wewe ni wa hapahapa, halafu waja leo waondoka leo?" Nilimweleza nilichokuja kufanya, nikatoa futi yangu ya chuma ili nimpime kijana mlangoni. Aliishika akairudisha mfukoni mwangu.

"Mtu hapimwi kwa futi ya kupimia mbao, mwalimu."

Akatumia yake ya kitambaa, iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. Kwa kuwa iliishia sentimita 150, alitia alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango na kuanza upya kuanzia hapo. Bila viatu alikuwa mita 1.91. Mikono ikinyooshwa pande zote mbili, kutoka ncha hadi ncha, ilikuwa mita 2.01, na hilo niliandika kwa furaha, kwani kwa mlinzi wa chini ya ubao mikono mirefu hufidia urefu uliopungua. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya bahasha ya nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na vyote viwili vilionyesha mwaka 1997.

Ndipo nilipouliza habari za kukua. Hakunijibu kwa maneno. Aliingia ndani akatoka na suruali ya shule ya kaki, akaigeuza miguu, akaitandaza juu ya meza ya cherehani. Karibu na mwisho wa kila mguu palikuwa na mistari mitatu iliyokoza rangi, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja alama ya mahali pindo lilipokuwa zamani.

"Huu ni wa Januari, nilipomshonea. Huu wa Aprili. Huu wa Julai. Nilimwachia inchi mbili na nusu ndani, zote nimezishusha." Alipitisha kidole kwenye pindo la sasa, ambalo halikuzidi upana wa uzi. "Kitambaa kimekwisha, mtoto bado anakwenda."

Nilipotaja goti, alinyamaza kidogo. Kisha akasema alikuwa amegundua kwamba siku hizi mwanawe akisali huikunja kanga yake mara nne na kuiweka mahali goti linapotua, na yeye alidhani ni kwa ajili ya baridi ya sakafu. Kipa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakuinua uso. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba goti lile halikunifanya nimfute katika daftari, na kwamba kulificha ndiko kungeweza kunifanya nimharibu bila kujua.

Ripoti niliiandika usiku uleule. Nilipendekeza apewe nafasi, lakini asianze Januari kama shule ilivyotaka, kwa kuwa Januari maana yake ilikuwa mazoezi mara mbili kwa siku na mashindano kabla ya Pasaka. Nilizieleza sentimita zote, za ringi, za kijana na za pindo. Viongozi wa shule hawakuridhika. Waliniambia kwamba wanatafuta mchezaji, hawatafuti mgonjwa, na kwamba tukichelewa wengine watamchukua. Nafasi ile alipewa kijana mwingine. Niliumia, na bado naamini walikosea, ila kuweka saini yangu chini ya karatasi inayosema kijana yuko tayari kuruka nisingeweza.

Mama alimpeleka hospitali ya Bombo, na daktari akasema kama nilivyotarajia: apumzike kuruka, anyooshe misuli ya paja kila siku, akue. Kwa simu nikampangia kazi ambazo goti halikuhusika nazo. Adunde mpira kwa mkono wa kushoto akiwa ameketi kwenye benchi. Arushe pasi ukutani kwa mikono miwili. Aweke kiti karibu na ringi atupe kutoka hapo, kiwiko kikiwa sawa na sikio, na kila akidaka mpira auache juu ya kidevu na asiushushe kiunoni. Mpira wangu, namba 7, nilikuwa nimemwachia.

Kila mwezi nilipiga simu, na kila mwezi mama aliniambia ameshusha au hajashusha. Juni mwaka uliofuata alipiga yeye, asubuhi na mapema, nikiwa bado nyumbani.

"Mwalimu, ile suruali mpya niliyomshonea Januari, tangu Machi sijaligusa pindo lake," akasema. "Na kanga yangu ameirudisha kabatini."