Riwaya 12 kwa mwaka: miezi sita ya kwanza

Januari
Nimeandika lengo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: riwaya moja kila mwezi, na nisishike penseli ninaposoma. Hilo la penseli ndilo zito. Shuleni riwaya ilikuwa ya mtihani: dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe. Niliweza kutaja hoja sita za mwandishi kabla sijajiuliza kama hadithi yenyewe imenipendeza. Tangu nimalize kidato cha sita sijamaliza riwaya hata moja, na hilo linaniuma, maana utotoni nilisoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi.

Februari
Nimeanza na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka 1960. Nilitaka kitabu cha kunivuta, kikanivuta kweli: usiku wa tatu nilikuwa nimekimaliza. Nikachukua kingine mwezi huohuo, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Kiswahili cha Unguja kina utamu wake, nikawa nasoma mazungumzo kwa sauti ya chini ili niyasikie.

Machi
Nagona ya Kezilahabi. Nimefika ukurasa wa 20 nikaiweka. Mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta penseli. Nitairudia siku nyingine, kwa sasa siihesabu.

Aprili na Mei
Kuli, ya Adam Shafi tena. Miezi miwili kwa kitabu kimoja, na sababu yake ni baba.

Baba alikuwa kibarua wa bandarini hapa Dar es Salaam miaka mingi. Sasa macho yana mtoto wa jicho, hasomi. Jioni moja aliniuliza nacheka nini, nikamwambia ni habari za Rashidi na makuli wenzake wa bandari ya Unguja, hadi mgomo wao wa 1948. Akasema, "Hebu soma nisikie."

Kuanzia siku hiyo nilisoma akiwa macho tu. Baba hasikilizi kimya. Ananisimamisha: "Rudia hapo." Ikitajwa kazi ya kubeba, ananyanyuka kwenye kiti kunionyesha, gunia halitaki mgongo, mwanangu, linataka magoti. Nikamsikia akitaja watu aliofanya nao kazi gatini, majina ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani kwetu. Mmoja aliangukiwa na mzigo kutoka kwenye winchi. Tulifunga kitabu usiku ule, hatukuendelea.

Mchana alikuwa akimuuliza mama kama nimesharudi kazini. Mama akinipigia simu, neno la kwanza ni, "Baba yako anamuulizia Rashidi."

Mwalimu angenidai dhamira ya Kuli ningempa. Lakini kwa miezi hii miwili Rashidi alikuwa mtu tunayemjua, tunayemhofia.

Juni
Mwezi huu nimesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, peke yangu, kitandani, kurasa 15 hivi kila usiku. Jumla nne, na nilipaswa kuwa na sita. Sitakimbizana na hesabu. Nikiharakisha nitarudi kulekule kwenye kusoma ili nimalize.

Baba ameomba kitabu kingine. Nilipomsimulia kidogo habari za Bwana Msa akasema huyo ndiye anayemtaka. Nilishakisoma, kwa hiyo kwenye daftari hakitaongeza namba. Tumekianza juzi, na jana umeme ulipokatika baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kupapasa taa ya chemli.