Kwezi na sisimizi

Jana jioni niliinua tofali lililokaa siku nyingi nyuma ya jiko. Sisimizi wakatawanyika, wengine wakapondeka kiganjani. Harufu ikanipanda puani, kali, chachu, kama siki iliyomwagika. Nikamkumbuka Bibi.

Ni mwaka ule miguu yake ilipogoma, akawa anashinda kibarazani, na mimi na mdogo wangu ndio tuliokaa naye. Asubuhi moja kwezi akatua uani, karibu kabisa na jamvi letu, penye msafara wa sisimizi. Tulitaraji adonoe, ale, aende zake.

Akamnyakua mmoja kwa ncha ya mdomo, akambana katikati ya kiwiliwili. Kisha akafunua bawa nusu na kumpitisha yule sisimizi upande wa ndani, kwenye mashina ya manyoya, harakaharaka. Akamtupa. Akachukua mwingine, bawa la pili. Mkia alikuwa ameupinda mbele, katikati ya miguu, hata akaukanyaga na kuanguka ubavu. Akainuka, akaendelea. Nilimwona vizuri kiasi kwamba sisimizi akimkaribia usoni, niliona utando mwembamba ukilifunika jicho, halafu ukajivuta. Manyoya ya kifua yamemsimama, mdomo u wazi.

Mdogo wangu akaanza kulia. "Bibi, amekula sumu! Anakufa!"

Nikasimama nimkamate, tumpe maji. Bibi akanidaka mkono.

"Kaa chini, mjukuu wangu. Anaoga huyo. Wewe ukioga unapenda kushikwashikwa?"

Tukakaa. Kwezi alipomaliza akajikung'uta, akanyoosha bawa moja moja, akarukia paani. Bibi akaomba mto wake, na siku ikaendelea kama siku nyingine.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba tabia hii imeonekana kwa zaidi ya aina 200 za ndege, na kwamba Mjerumani Erwin Stresemann, mtaalamu wa ndege, aliandika kuihusu tangu 1935. Sababu yake bado inabishaniwa. Wapo wanaosema asidi ya fomiki, ambayo baadhi ya sisimizi huirusha kutoka tumboni wakichokozwa, huua chawa na utitiri wa manyoya. Hapo Bibi anakuwa amepatia. Wengine wanasema ndege hutuliza ngozi inayowasha wakati manyoya mapya yanapoota. Mwaka 2008 Thomas Eisner na Daniel Aneshansley wa Marekani walichapisha jaribio lao kwa ndege wa huko wa jamii ya kunguru. Ndege hao walipopewa sisimizi waliotolewa kifuko cha asidi, waliwala papo hapo. Waliopewa sisimizi wenye kifuko waliwasugua kwanza kwenye manyoya, asidi ikatoka, ndipo wakawala. Kwa maelezo hayo, ule ulikuwa utayarishaji wa chakula.

Niliposoma hilo moyo uliniuma kidogo, kwa ajili ya Bibi, ambaye tayari tulikuwa tumemzika. Nilitaka awe sahihi. Pengine bado yuko sahihi. Sioni kwa nini ndege asipate faida mbili katika kazi moja, na jaribio la aina moja ya ndege halijibu kwa niaba ya kwezi wetu. Hata hivyo, nikisema hivi sina hakika kama natetea hoja au namtetea yeye.

Usiku nikampigia mdogo wangu. Anashikilia kwamba mwishoni kwezi aliwameza sisimizi kadhaa, aliona koo likicheza. Mimi nawakumbuka wakitupwa mchangani, miguu bado inapapatika. Tulibishana mpaka simu yake ikaishiwa chaji, kila mmoja akiapa kwa macho yake. Tena anadai Bibi hakunishika mkono, alinivuta nguo. La koo naweza kumwachia. La mkono simkubalii, maana vidole vya Bibi nilivihisi mimi.