Bustani za chumvi

"Kwani hao watu wanakula nini?"

Mtoto wa dada kaniuliza juzi, kidole chake kikiwa juu ya ramani, katikati ya jangwa nililolijaza mazimwi. Nikamwambia akaoge kwanza. Lakini swali hilo nilishaulizwa huko Bombo, Uganda, likizo ile ambayo umeme ulikuwa unakuja ukipenda.

Tulikuwa tunacheza barazani kwa shemeji, ule mchezo ambao mmoja anabuni dunia na visa vyake, kila mwenzake anamcheza mhusika wake, na dadu inaamua nani kafaulu. Mbunifu nilikuwa mimi. Dadu ya pande 20 tulikuwa nayo moja tu, imechubuka nambari mbili. Nyingine zote tulizitoa kwenye ludo. Michezo ya aina hii ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, na karatasi tulizokuwa nazo, nakala ya nakala, zilijaa ngome na misitu ya misonobari. Mimi nikaona, ya nini kwenda mbali? Theluji nikaichukua Rwenzori, ukame Karamoja, visiwa Ssese, ambako viko 84, mtu achague cha kuzamia meli yake. Vyote hivyo ndani ya nchi moja inayokatwa na ikweta. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha majina tu.

Safari ilikuwa ya kwenda kuua joka mlimani. Njiani palikuwa na kijiji chini ya genge, kando ya ziwa, ambacho nilikuwa nimekiandikia mstari mmoja: chemchemi za moto, watu maskini, mzee mwenye fimbo. Nilikitoa Kibiro, kule Ziwa Albert, kwa kuiona kwenye ramani tu.

Sasa, mezani alikuwepo dada mmoja wa Hoima, upande huohuo wa Kibiro. Alikuja kumsindikiza mdogo wake, tukampa mganga amcheze ili asikae bure. Aliposikia "watu maskini" akaweka kikombe chini.

"Wanakula nini?"

"Samaki," nikasema.

"Na unga? Pale pakavu, hapapandwi kitu."

Akavuta sinia ya mandazi, akamwaga juu yake udongo wa kwenye chungu cha maua cha shemeji (shemeji alikuwa ndani, bahati yetu), akatuonyesha. Wanawake wanakwangua udongo uliokunywa chumvi, hivi (yeye akikwangua kwa kucha). Wanautia kwenye chungu chenye matundu, wanamwagia maji, yanadondoka taratibu, kisha yanachemshwa hadi ibaki chumvi. Udongo wenyewe hautupwi. Unarudishwa kutandazwa palepale, unywe tena. Bustani ni za wanawake, zinarithiwa. Chakula kinateremka kutoka juu ya genge, chumvi inapanda.

"Kwa hiyo huyo mzee wako mwenye fimbo," akasema, "anaamuru nini hapo?"

Mdogo wake, ambaye shujaa wake alikuwa na shoka na haraka, akatangaza kwamba wanavamia, wanachukua chumvi yote. Akarusha dadu. Ikabiringika hadi kwenye ule udongo, ikasimama: 20. Akaruka juu kwa furaha.

Dada yake akaifunika dadu kwa kiganja.

"Ya leo umechukua. Ya kesho utachemsha wewe?"

Tulicheka hadi shemeji akatoka na tochi. Usiku wote uliobaki tukapatana bei ya mtama. Asubuhi nikaanza kuchora barabara: wafugaji wa nyika walihitaji chumvi kwa ng'ombe, watu wa theluji walihitaji nafaka, na wa visiwani, wenye samaki wa kukausha, wakapata sababu ya kugombana na watu ambao kabla ya hapo hawakuwajua. Dunia ikajaa kuliko nilivyoweza kuishika.

Mlimani hatukufika. Likizo iliisha bado tunabishana nani alipe kodi ya punda.

Yule mdogo sasa ni mtu mzima, ana mke na pikipiki, na kila tukikutana ananidai joka lake. Anasema tulimwalika vitani tukampeleka sokoni. Namjibu kwamba ile ndiyo ilikuwa kampeni yetu bora kabisa, yaani safari nzima ya mchezo. Halafu nafungua lile daftari, naona kurasa sita za joka, nguvu zake na pumzi zake, wino haujaguswa, na jamaa namwelewa.